Mistari Kumi ya Wifi

Wifi yangu, mdogo wa mume wangu, alirudi kutoka Dar es Salaam akiwa amekonda, na alihakikisha hakuna mtu Lushoto nzima aliyekosa kuliona hilo. Ilikuwa Julai, baridi ile ambayo watu wenye akili zao huvaa masweta mawili na soksi za kulalia. Yeye alivaa blauzi ya kubana isiyo na mikono. Akikaa, haimchukui muda anasimama. Akisimama anageuka upande, ili kama hukumwona vizuri kwa mbele umwone kwa ubavuni.

Hakuwa daktari wala muuguzi. Dar alikuwa na saluni, na saluni ilikufa kwa sababu ambazo kila mara alizisimulia tofauti. Utabibu aliusomea kwenye simu, katika kundi la wanawake waliouziana vichupa vya unga kutoka nje ya nchi. Unga huo ulikuwa unaitwa peptidi. Neno hilo alilitamka polepole, macho ameyashusha, kama mchungaji anapofika kwenye baraka ya mwisho. Peptidi za kupunguza mwili. Peptidi za ngozi. Peptidi za magoti. Kulikuwa na kichupa kwa kila kiungo ambacho Mungu alikiumba vibaya.

Siku ya sikukuu ya mavuno tulikusanyika kwa mama mkwe, Vuga, baada ya ibada. Wakati sisi wengine tunamenya viazi, wifi alitandika kitambaa cheupe juu ya meza ya sebuleni, akapanga vitu vyake: vichupa vyenye kifuniko cha bluu, maji ya sindano, pamba, na mabomba madogo ya sindano wanayotumia wagonjwa wa kisukari. Wanawake wa ukoo waliacha viazi wakamzunguka. Nami nilikwenda, kisu mkononi, kwa sababu napenda kuona jambo la kijinga kwa macho yangu kabla sijalisema.

Alivuta maji, mililita mbili, akayaingiza kwenye kichupa. Unga ukayeyuka. Akasifu jinsi ulivyoyeyuka, kana kwamba sukari haiyeyuki. Kisha akavuta dawa kwenye bomba dogo, akalinyanyua kwenye mwanga wa dirisha.

"Mnaona? Mistari kumi. Hapa. Kila wiki mistari kumi, basi."

Mimi ni mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi. Nimefundisha darasa la sita tangu nywele zangu zikiwa nyeusi zote, na kuna swali ambalo haliwezi kupita mbele yangu bila kuulizwa.

"Wifi," nikamwambia, "hiyo mistari kumi ni dawa kiasi gani?"

"Ni kumi."

"Kumi ya nini?"

"Kumi, wifi. Kumi ni kumi."

Wanawake wakacheka, na aliyechekwa hakuwa yeye.

Nieleze hapa, kwa sababu pale sebuleni hakuna aliyetaka kuelezwa. Bomba lile limegawanywa sehemu mia, na sehemu zote mia zikijaa ni mililita moja. Mistari ile inapima maji. Haijui kama ndani ya maji kuna dawa nyingi, dawa kidogo au mate ya paka. Dawa iliyomo katika kila mstari inategemea mambo mawili: unga ulikuwa kiasi gani, na umeuwekea maji kiasi gani. Ukiweka kijiko cha sukari kwenye kikombe, na kijiko kilekile kwenye birika, funda moja la chai ya kikombe haliwezi kuwa sawa na funda moja la chai ya birika. Mtoto wa miaka kumi na mbili analielewa hilo bila kuchapwa. Wifi yangu, mwenye miaka arobaini na mbili na simu mbili, alikuwa ameshika mstari kama mtu anayeshika jina la mtakatifu.

Njiani kurudi nyumbani mume wangu aliniambia nimemwaibisha mdogo wake mbele ya watu. Nikamwambia kwamba mdogo wake ana kipaji, hahitaji msaada wangu. Hatukuzungumza tena mpaka Soni.

Mume wangu ni bwana shamba. Kazi yake, mkate wake, kitu anachoheshimiwa nacho kwenye milima hii, ni kusimama mbele ya wakulima wa viazi na kabichi na kuwafundisha kuchanganya dawa ya ukungu: mifuniko mingapi kwa bomba la lita kumi na tano, mingapi kwa la lita ishirini, na soma lebo, jamani, soma lebo kila unaponunua, kwa maana kampuni zinabadilisha nguvu ya dawa na kopo linabaki na rangi ileile. Nimeisikia hotuba hiyo mara nyingi kiasi kwamba ningeweza kumpokea akikohoa. Nalisema hili ili mtu asije akadhani alikuwa mtu asiyejua.

Baada ya sikukuu ile aliacha kula. Hakuacha mara moja. Kwanza alibakiza ugali, kisha akawa anachezea maharage kwa kijiko. Nilipika maharage kwa samli, jinsi anavyoyapenda tangu tulipooana, akaonja mara mbili akasema ameshakula kwa wakulima. Siku nyingine alisema tumbo limejaa. Akatoboa mkanda wa suruali tundu jipya kwa msumari, akaanza kufunga mlango wa bafuni akioga.

Mwanamume wa miaka hamsini na tatu anayekonda, anayefunga mlango na asiyekula kwako, jibu lake linajulikana. Nilifikiri ni mwanamke. Nilimtengeneza kabisa kichwani: mmoja wa wale wanaofungua duka la pembejeo na kupaka rangi ya mdomo kuuza mbolea. Nilimdharau kabla sijamjua. Nilijiuliza anampikia nini kinachoshinda maharage yangu, na nilikataa kumuuliza mume wangu, maana kumuuliza kungekuwa kumpa huyo mwanamke heshima ya kutajwa nyumbani kwangu.

Vichupa nilikuwa naviona kila siku. Vilikuwa kwenye friji, mlangoni, ndani ya boksi lililoandikwa chanjo ya kideri. Kwa kazi yake, nyumba yetu haijawahi kukosa chanjo ya kuku, nayo huja kwenye vichupa vidogo hivyohivyo na unga mkavu ndani. Nilikuwa nasogeza boksi ili niweke maziwa.

Jumapili moja alitoka kanisani kabla ya mahubiri. Nilimkuta nyuma ya ofisi ya usharika ameinama, anatapika maji ya njano. Alisema ni chai ya asubuhi. Kesho yake alitapika mpaka akawa anatapika hewa, na alipojaribu kusimama miguu ilimkataa. Jirani mwenye gari alitushusha hospitali.

Daktari wa zamu alikuwa mama mmoja mtaratibu, mwenye macho yaliyochoka. Alimuuliza mgonjwa anatumia dawa gani. Akasema hatumii. Hata za kienyeji? Hatumii. Hata za kununua dukani bila cheti? Mume wangu, mzee wa kanisa, alitikisa kichwa kwenye mto na kusema hapana. Walipima malaria, hakuna. Walipima homa ya matumbo, hakuna. Wakamtundikia dripu, na mimi nikarudi nyumbani kuchukua blanketi na nguo.

Uani nilimkuta jogoo amesimama mbawa zimelegea, shingo imepinda. Majirani walikuwa wameshapoteza kuku kwa kideri wiki ile. Niliingia ndani kuchukua chanjo, maana hata mume akiwa amelazwa, kuku hawana kosa. Nikafungua lile boksi, nikasoma lebo.

Hakukuwa na neno kuku. Kulikuwa na Kiingereza, herufi ndogo, kilichosema kwamba kitu hiki ni kwa ajili ya utafiti wa maabara tu na si kwa matumizi ya binadamu. Kifuniko kilikuwa cha bluu. Kwenye kichupa kimoja kitupu paliandikwa miligramu tano. Kwenye kile kilichokuwa nusu paliandikwa miligramu kumi. Nyuma yake kulikuwa na mabomba ya sindano yaliyofungwa kwa mpira.

Nilikaa kwenye kiti cha jikoni. Kwanza nilifurahi, siwezi kuficha, kwamba hakuna mwanamke. Furaha hiyo haikudumu hata nikainuka kitini. Mwanamke wa dukani angekuwa na sababu. Hili halikuwa na sababu hata moja isipokuwa wifi yangu.

Nilirudi wodini, nikaweka kile kichupa juu ya shuka, karibu na mkono wake. Alikitazama, kisha akageukia ukutani.

"Ulikuwa unaweka maji kiasi gani?" nikamuuliza.

Alikwangua rangi ya ukuta kwa ukucha.

"Nakuuliza maji."

"Mililita moja."

"Dada yako alisema mbili."

"Mbili zinafanya dawa inakuwa nyingi, mwalimu. Kichupa kinajaa. Nilipunguza." Akavuta pumzi. "Ni maji tu."

Ni maji tu. Mtu ambaye amezunguka milima hii miaka ishirini na tano akiwaambia watu wa watu kwamba maji ndiyo kipimo, ukipunguza maji umeongeza sumu, utaunguza kabichi. Nilimtazama akiwa amelala pale na mrija mkononi, na dharau iliyonipanda ilikuwa kubwa kiasi kwamba niliishika reli ya kitanda.

Hesabu nilifanya kichwani, sikuhitaji karatasi. Kichupa cha kwanza, kwa maelekezo ya dada, miligramu tano ndani ya mililita mbili: mistari kumi inabeba robo ya miligramu. Kichupa kipya, miligramu kumi ndani ya mililita moja: mistari ileile kumi inabeba miligramu nzima. Dada amezidisha mara mbili kwa kuuza kichupa bila kukisoma, kaka amezidisha mara mbili kwa kubana maji. Mbili mara mbili ni nne. Mume wangu alikuwa amejidunga tumboni dozi nne kwa pamoja, kwa kufuata maelekezo.

Nilimweleza daktari. Alisikiliza mpaka mwisho, akageuza kile kichupa kwenye mwanga, akasema hesabu yangu ni sahihi na inaendana na anachokiona. Kisha akanikata maini. "Lakini mwalimu, tunahesabu kwa kuamini lebo. Ndani ya hiki kichupa inaweza kuwa tano, inaweza kuwa ishirini, inaweza kuwa kitu kingine kabisa. Hakuna aliyekipima." Akaondoka nacho. Nilibaki na jibu langu zuri, ambalo huenda halikuwa jibu.

Nilimpigia wifi nikiwa kwenye korido. Nilimsalimia, nikamwambia kaka yake amelazwa na kwa nini. Nikamwambia kuhusu tano na kumi. Aliniambia yeye hakuona tofauti, kwa sababu kifuniko ni cha bluu kama siku zote, na mteja wake anajua bluu. Nikamuuliza kama anajua kusoma. Akasema nisimtukane, yeye anasaidia watu, tatizo ni kwamba kuna miili inakubali na miili inakataa, na wa kaka yake umekataa. Nikadhani sasa ataniuliza hali ya mgonjwa.

"Hata hivyo," akasema, "si amepungua?"

Nilikata simu. Nimewahi kufundisha watoto waliokuwa wanaandika saba ikiangalia nyuma, sijawahi kumdharau hata mmoja wao. Siku ile, pale koridoni, nilijua neno dharau lina maana gani.

Siku iliyofuata kutapika kulipungua, akaweza kunywa uji. Nilikuwa nimejiandaa kumsema. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu alfajiri, makali na mafupi. Akaniwahi. Alisema bila kunitazama kwamba miezi kadhaa nyuma alikwenda kukagua shamba la viazi juu ya Soni, pale kwenye matuta yaliyosimama kama ngazi. Wakulima walimtangulia, yeye kitambi kikamzuia njiani, anahema. Walipofika juu walisimama wamngoje. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililomchoma. Mama mmoja, mwenye mzigo wa kuni kichwani, alishuka hatua chache, akampa mkono, akamvuta juu kwa kumwonea huruma, kuni hazikutikisika. Aliwafundisha siku ile akiwa amekaa kwenye jiwe.

"Ungeniambia," nikamwambia.

"Ningekuambia, ungenitazama hivyo unavyonitazama sasa."

Nilikuwa sijui ninatazamaje. Niliinua macho nikatazama dripu, nikahesabu matone mpaka uso wangu ukatulia. Yale maneno niliyoyapanga sikuyasema. Sikuyafuta pia. Niliyahamishia kwa mtu mwingine.

Alipotoka hospitali watu walianza kuja na maziwa, ndizi na mayai. Wote walikuja kumpa pole ya homa ya matumbo. Sijui nani aliianzisha homa hiyo ya matumbo, ila naweza kukisia, na mume wangu aliipokea kama mtu aliyerushiwa kamba mtoni. Aliwaeleza hata alivyoipata: maji ya mfereji kule mashambani. Wanakwaya walituasa tuchemshe maji. Nilisema tutachemsha. Mimi, ambaye maji ya nyumba yangu hayajawahi kunywewa bila kuchemka, nilikaa kwenye kochi langu nikafundishwa kuchemsha maji.

Na wifi alikuja, sweta safari hii, uso wa huzuni. Alishika mikono ya mgonjwa. Kisha akaomba tusimame, akaongoza sala. Alimshukuru Mungu kwa kumponya kaka yake, akawaombea madaktari hekima, akamwomba Mungu ailinde nyumba hii na magonjwa ya tumbo. Sala ilikuwa ndefu na yenye machozi. Watu wakasema amina. Nilitazama vichwa vilivyoinama, nikasema amina na mimi, kwa sababu mume wangu alikuwa amenishika kidole kimoja na hakukiachia.

Lakini kwa mama mkwe sikukubali kunyamaza. Nilipanda Vuga peke yangu siku ya kawaida, nikamwamkia shikamoo, nikapokea marahaba, nikamsaidia kuchambua maharage. Kisha nikamweleza yote, kwa Kishambaa, maana Kiswahili kingelipunguza makali. Nilimweleza kuhusu lebo, kuhusu maji, kuhusu simu. Mama mkwe wangu ni mwanamke wa maneno machache. Aliendelea kuchambua. Maharage mabovu alikuwa akiyatupia kuku bila kuangalia.

"Nimesikia," akasema mwishoni. "Lakini mwanangu hawezi kumdhuru mwanangu."

Nikamwambia hakukusudia, ila amemdhuru. Akarudia sentensi ileile, kwa sauti ileile. Nikaona hapo hakuna mlango. Nilimaliza maharage yangu, nikaaga, nikashuka nikiwa na hasira ya kutosha kufika Lushoto kwa miguu.

Nilitegemea biashara ya wifi ingekufa. Hii ndiyo sehemu ninayoona aibu kwa niaba ya milima yote ya Usambara. Biashara ilikua. Alipanga chumba nyuma ya maduka, akaweka pazia la zambarau na kiti cha kuzunguka. Walikwenda wake wa watumishi, walikwenda walimu wenzangu, wawili kati yao wanaofundisha sayansi. Mmoja alinijia wakati wa mapumziko, akaniomba nimfanyie hesabu ya kichupa chake, kwa siri. Nilimwambia jibu ni sifuri. Alidhani natania. Alisubiri, akaona sitanii, akaniambia nina wivu na wifi yangu kwa sababu mimi sijapungua.

Mume wangu anakula. Mkanda umerudi kwenye tundu la zamani, na lile la msumari limebaki wazi. Asubuhi anatembea kupanda barabara ya juu, anapumzika njiani akijifanya anatazama mashamba ya watu. Wakati mwingine naenda naye. Kwa wakulima bado anawafundisha kusoma lebo, na nasikia hotuba imekuwa fupi.

Mwaka jana, Jumapili ya matawi, tulikuwa Vuga tena, ukoo mzima. Wifi alikuwa sebuleni na watu wake. Nilikuwa jikoni nageuza ndizi, mama mkwe akaingia akichechemea, akafunga mlango wa jikoni ambao kwa kawaida haufungwi. Alifungua fundo la kitenge chake, akatoa kitu kilichoviringishwa kwenye leso, akanipa. Kilikuwa kichupa, kifuniko chekundu. Hakijafunguliwa.

"Kaniletea kwa ajili ya magoti," akasema. "Katupe."

Nilimwangalia. Nilikuwa na maneno mengi, na yote yalikuwa ya haki.

"Mama, si ungemwambia tu hutaki?"

"Nimwambie nini?" akasema. "Ni mwanangu. Katupe, na usimwambie."

Nilizunguka nyuma ya nyumba nikakitupa chooni. Niliporudi walikuwa wamekaa kula. Wifi alimuuliza mama, mbele ya watu wote, magoti yanaendeleaje tangu aanze sindano. Mama mkwe akavuta sahani yake karibu, akasema yanaendelea vizuri sana, mwanangu, Mungu akubariki.